Baridi ya Kusi Katika Nyumba ya Mawe

Mgeni akiambiwa kwamba mzee wa Lamu anaweza kuumizwa na baridi, hasadiki, kwa sababu hata katika miezi ya Julai na Agosti, upepo wa kusi unapovuma mchana kutwa, ni nadra kipimajoto mjini kwetu kushuka chini ya nyuzi 20. Mimi niliyezaliwa mtaa wa Mkomani na kukulia humo humo sikusadiki pia, mpaka alfajiri moja ya mwezi wa Juni, miaka sita iliyopita, nilipopita nyumbani kwa shangazi yangu nikitoka msikitini, nikamkuta ameketi sakafuni mbele ya mlango wa choo, leso zake zimerowa, mgongo ameuegemeza ukutani. Alikuwa ameteleza usiku na kushindwa kuinuka, na kwa kuwa aliishi peke yake katika nyumba ile kubwa ya marehemu mumewe, hakuwapo mtu wa kumsikia.

Nilimpa shikamoo kwa mazoea, naye akaitikia kwa sauti iliyolegea, maneno yakikokotana kama ya mtu aliyeamshwa katikati ya usingizi mzito. Nilipomshika mkono, ulikuwa na ubaridi wa kitu kilichotolewa kisimani. Hakuwa akitetemeka, na hilo ndilo lililonidanganya, maana nilijiambia kwamba mtu asiyetetemeka hana baridi. Tulimbeba kwa kiti, wanaume wanne, kwa kuwa vichochoro vyetu havipitishi gari na juu ya punda asingeweza kukaa, tukamfikisha hospitalini akiwa na joto la mwili la nyuzi 34.4. Muuguzi aliyempokea alinieleza kwamba mwili ukishuka chini ya nyuzi 35 tayari mtu yuko hatarini, na kwamba mzee huweza kufika hapo bila kutetemeka hata kidogo, kwa sababu misuli yake imepungua na mwili wake hautambui ubaridi upesi kama wa kijana. Alimvua nguo zilizorowa kabla ya jambo jingine lolote, akamfunika blanketi kavu kuanzia kifuani na kichwani, na nilipoanza kumsugua miguu kwa nguvu kama tulivyozoea, alinizuia kwa upole, akasema mwili uliopoa hupashwa joto polepole kuanzia katikati, na chai hapewi mpaka aweze kumeza vizuri.

Nilirudi nyumbani nikiwa na swali moja, nalo ndilo lililonifanya niandike haya. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa makazi na afya wa mwaka 2018, lilitaja nyuzi 18 kuwa kiwango cha chini cha joto la ndani kinachofaa kwa nchi zenye majira ya baridi. Nyumba ya shangazi haijawahi kushuka kufikia kiwango hicho tangu ijengwe. Basi kilichompoza ni nini? Jibu nimelipata kidogo kidogo kwa miaka kadhaa, na kwa makosa mawili makubwa ambayo yote niliyafanya kwa mapenzi.

Kosa la kwanza lilikuwa la moto. Shangazi aliporudi kutoka hospitalini, kila jamaa aliyekuja kumjulia hali alisema ameingiwa na baridi, na dawa zikamiminika: kahawa ya tangawizi, uji wa pilipili manga, mafuta ya ufuta ya kumkanda magoti. Sizibezi dawa hizo hata leo, kwa sababu kinywaji cha moto humpasha mtu kweli, na mkono wa jamaa unaomkanda mzee una joto lake. Mimi nikaona niongeze langu. Nilimhamishia kitanda chumba cha ndani kabisa, kile ambacho sisi tunakiita ndani, kwa sababu hakina dirisha na upepo hauingii, nikawasha makaa kwenye seredani, nikasubiri moshi uishe na makaa yawe mekundu, kisha nikaliweka miguuni pa kitanda na kurudishia mlango. Nililala kwenye mkeka kando yake.

Usiku wa kwanza na wa pili nilijisifu, kwa kuwa chumba kilikuwa na joto la kupendeza. Usiku wa tatu niliamka kichwa kinagonga, tumbo linachafuka, na miguu haina nguvu, nikasikia shangazi akitapika. Nilitambaa hadi mlangoni nikaufungua, nikamburuta pamoja na godoro lake hadi kiwandani, yaani uwanja wa ndani ya nyumba ulio wazi juu, penye hewa, na tulikaa pale mpaka jua likachomoza, yeye akiwa amenilalia begani. Baadaye nilielezwa kwamba makaa yanapowaka mahali pasipopita hewa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na ambayo hushikamana na damu kwa nguvu iliyozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo mtu anakosa pumzi huku anaendelea kupumua. Moshi kuisha si dalili ya usalama, na makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayoua watu usingizini. Nililijua hili kwa kusikia tangu utotoni, kama tunavyojua mambo mengi kwa kusikia, lakini nilidhani ni hatari ya watu wa bara wanaolala na jiko kwa sababu ya baridi kali. Tangu siku hiyo sijaruhusu seredani kulala chumba kimoja na mtu, na chetezo cha ubani nacho hukitoa nje kabla ya mzee kulala.

Kosa la pili lilichukua muda mrefu zaidi kuonekana, na ili nilieleze inabidi niieleze nyumba yenyewe. Nyumba nyingi za kale za mawe mjini Lamu zimeelekezwa kaskazini, upande wa kibla. Ukitoka kwenye daka, ukumbi wa mlangoni, unaingia kiwandani, na kutoka hapo vyumba vinafuatana kuelekea kusini: misana iliyo mirefu na myembamba, kisha ndani, na choo kwa pembeni. Vyumba ni vyembamba kwa sababu dari, ambayo juu ndiyo paa, inabebwa na boriti za mikoko, na boriti haiwezi kubeba mzigo ule wa mawe na chokaa ikiwa ndefu kupita kiasi. Waliojenga hivi walijua walichokifanya. Wakati wa kusi, misana inayotazama kaskazini inaupa upepo mgongo, na mtu aliyelala ndani hasikii hata mvumo wake. Lakini mgongo huo, yaani ukuta wa kusini, ndio unaopigwa na mvua ya masika na manyunyu yote ya Juni na Julai, na ukuta wa matumbawe una matundu matundu, hivyo hunywa maji.

Mimi nilipouona ukuta ule wa ndani umeota madoa ya kijani na lipu yake inabanduka kwa mabamba, niliona dawa yake ni simiti. Nilinunua mifuko, nikaita fundi kijana, tukaupiga lipu ya simiti nje na ndani mpaka ukawa mgumu na laini kama wa benki. Mwaka uliofuata shangazi alianza kukohoa. Godoro lake lilinuka uvundo, nguo alizozikunja kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, zilikuwa na ukungu, na ukiweka kiganja ukutani saa za asubuhi kilitoka na unyevu. Sikuelewa, kwa sababu nje palikuwa hapana ufa hata mmoja.

Aliyenifumbua macho ni fundi mzee wa chokaa, ambaye nilimwomba aje kutazama tu. Hakutazama kwa macho. Aliingia ndani, akavua kofia, akauegemeza ukutani utosi wake uliokuwa na upara, akakaa hivyo kitambo, kisha akasema, "Huu waumwa na kiu ya hewa, mwanangu. Maji yamo, na mlango mmeyafungia." Aliniambia kwamba ukuta wa matumbawe haukujengwa uzuie maji yasiingie kabisa, bali uyanywe kidogo na kuyatoa upesi jua linapotoka, na chokaa ndiyo inayoyaruhusu yatoke. Simiti inayazuia. Maji yanayopenya kutoka msingini na kwenye dari yanabaki katikati ya ukuta, na chumvi iliyomo kwenye matumbawe huvuta unyevu zaidi kutoka hewani, hivyo ukuta haukauki hata kiangazi. Mtu aliyelala karibu na ukuta wa namna hiyo analala karibu na kitu kinachomnyonya joto usiku kucha, na blanketi lake linashika unyevu huo huo. Hapo ndipo nilipokumbuka maneno ya muuguzi kwamba maji huondoa joto mwilini takriban mara 25 zaidi ya hewa iliyo na ubaridi sawa, na nikaelewa ni kwa nini kipimajoto hakikuwa na habari ya kunipa. Shangazi hakuwa akipozwa na hewa ya Lamu. Alikuwa akipozwa na maji yaliyomo kwenye sakafu, kwenye ukuta na kwenye godoro lake.

Tulianza juu, kwa amri ya fundi, ambaye alikataa katakata kugusa ukuta kabla ya kuiona dari. Kule juu tulikuta mlizamu, mfereji wa kutolea maji ya mvua, umezibwa na majani na kiota cha njiwa, na maji ya mvua yamesimama nyuma yake kama bwawa, yakitafuta njia kwenye nyufa kuelekea moja kwa moja kichwani pa ndani. Kuzibua mlizamu ilituchukua asubuhi moja na haikugharimu shilingi. Nyufa tulizijaza kwa chokaa. Kisha tukaibandua simiti yote, kazi ya siku tisa ya nyundo na tindo, na ninakiri kwamba kila pigo lilikuwa ni fedha zangu za mwaka uliotangulia zikianguka chini. Ukuta uliachwa wazi, bila lipu, kuanzia Novemba hadi Februari, upepo wa kaskazi na jua la kiangazi likaukausha, ndipo ukapakwa chokaa upya. Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na wengi wetu tukihimizwa kutumia chokaa hudhani ni kwa ajili ya kuhifadhi sura ya mji ili wageni wapige picha. Mimi thamani ya chokaa nimeijulia kwenye kifua cha shangazi, kilichoacha kukohoa kabla ya Ramadhani.

Hata hivyo, baada ya yote hayo bado alikuwa akilalamika miguu na kiuno, na hili lilinivunja moyo kuliko mengine. Nilimwongezea blanketi, halafu jingine. Siku moja nilimuuliza, nadhani kwa sauti ya uchovu, baridi hiyo inatoka wapi tena, naye akanijibu bila kukasirika, "Yanipanda kutoka chini. Wewe wanifunika juu tu." Nilipiga magoti nikatazama chini ya kitanda chake. Ni kitanda cha kamba, cha zamani, na godoro la sufi lililokuwa juu yake lilikuwa limelaliwa miaka mingi hata likabaki nyembamba kama mto wa kiti, katikati likiwa limeachana kiasi cha kuziona kamba. Upepo wa chini ya mlango ulikuwa unapita chini ya kitanda, unapanda kwenye matundu ya kamba na kumfikia mgongoni, na hakuna blanketi la juu ambalo lingeuzuia. Niliagiza mikeka miwili minene ya miyaa kutoka Kipungani, tukaitandika juu ya kamba, mmoja juu ya mwingine, kisha godoro lililojazwa sufi mpya. Chini ya mlango tulilaza mfuko mrefu wa kitambaa uliojazwa mchanga, kwa upande wa msana tu, huku tukiacha nafasi ya juu ya mlango ipitishe hewa. Usiku ule alilala mpaka adhana. Swali lile lingeulizwa mwaka wa kwanza, ningeokoa mengi.

Pamoja na hayo nilimnunulia soksi za sufu na kofia ya kufuma, na alivivaa kwa haya, akiviona ni nguo za watoto wachanga, mpaka alipoona miguu yake inapata usingizi. Kuna kitu kimoja cha kuangalia hapa ambacho ningependa kila mwenye mzee akijue. Watu hupenda kujaza chupa maji ya moto na kuiweka miguuni pa mgonjwa. Ni jambo jema, ila mzee mwenye kisukari mara nyingi miguu yake ina ganzi, na chupa ya moto inaweza kumuunguza mpaka nyama bila yeye kuhisi lolote. Jirani yetu mmoja alipata kidonda cha namna hiyo, na kilichukua miezi kupona. Chupa ifungwe kwa taulo nzito, ipashe kitanda kabla mzee hajalala, na itolewe anapopanda.

Ilikuwa baada ya kazi ya nyumba ya shangazi ndipo vijana wa mtaani waliotusaidia kubandua simiti walipopendekeza tupitie nyumba nyingine za wazee wanaoishi peke yao, ambao si wachache, kwani watoto wao wako Mombasa au Arabuni. Hatuna chama wala muhuri. Kila mwezi wa Machi, kabla ya masika, tunapanda juu ya dari, tunazibua milizamu, tunatazama nyufa. Niliyojifunza huko yamenipunguzia ujuaji. Mtaa wa Langoni tulimkuta babu mmoja, nahodha wa zamani, ambaye wajukuu zake walimwondolea paa la makuti na kumwekea mabati, tena kwa fedha walizojinyima, ili mvua isimguse. Mvua haikumgusa, lakini makuti yalikuwa yakimkinga na jua mchana na ubaridi usiku, na sasa mabati yanapopoa alfajiri, pumzi yake mwenyewe na mvuke wa maji ya udhu hugeuka matone na kumdondokea kitandani. Yeye alidhani paa linavuja na hakutaka kuwaambia wajukuu wasije wakahuzunika. Tulimtandikia dari ya mikeka chini ya mabati, tukaacha nafasi ya upepo kupita katikati, na jiko lake tukalihamishia uani, mbali na mikeka, kwa kuwa moto ukishika miyaa haubembelezeki.

Fedha ni kidogo, na sipendi kulificha hilo. Wazee wa miaka 70 na zaidi walioandikishwa katika Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wanyonge, hulipwa shilingi 2,000 kwa mwezi, na mzee aliye peke yake huzigawa kwa unga, dawa, na maji, hata kufika kwenye chokaa au godoro hazipo tena. Ndiyo maana tunaanza na vitu visivyo na gharama. Mlizamu uliozibuliwa, kitanda kilichosogezwa kutoka ukuta wa kusini kwa urefu wa mkono, godoro lililoanikwa juani: haya yamewasaidia watu wengi kuliko mfuko wowote tulionunua.

Lakini mzee wa Lamu hakwambii kwamba ana baridi. Ukimuuliza, atashukuru Mungu na kukukaribisha kahawa. Tulipoteza mwaka mzima tukiuliza na kuandika majibu ambayo yote yalikuwa "sijambo". Sasa hatuulizi. Tunaomba ruhusa ya kuanika godoro, kwa kisingizio kwamba leo kuna jua zuri na vijana wapo wa kulipandisha juu, na hakuna anayeona aibu kuanikiwa godoro. Tunapolibeba, mikono yetu inatueleza yote: uzito wake, upande ulio baridi, kama ni wa ukutani au wa chini, na pale kitambaa kilipooza. Godoro la bibi mmoja wa mtaa wa Gadeni lilihitaji vijana watatu kulipandisha ngazi, na liliposhuka jioni alilibeba mjukuu wake wa miaka kumi na miwili peke yake. Tofauti ile yote ilikuwa ni maji ambayo bibi yule alikuwa akiyalalia.

Si kila kitu kinachofaa Juni kinafaa Machi. Nyumba iliyozibwa isipitishe upepo humtesa mzee joto la kaskazi linapokaza, kwa hiyo mfuko wa mchanga wa mlangoni huondolewa mapema, na shangazi hurudishiwa kitanda chake msanani. Kule ndiko anakokupenda hasa, kwa sababu anasikia adhana vizuri na sauti za wapita njia, na akiwa ndani hulalamika kwamba hajui nani kapita. Mwaka huu aliomba abaki msanani hata wakati wa kusi. Tulibishana naye siku mbili, kisha tukamtundikia pazia la mkeka upande wa kiwandani na kumwekea kitanda kwenye pembe iliyo mbali zaidi na upepo, na mtoto wa jirani analala naye usiku, ili akiamka kwenda choo awepo wa kumshika mkono.

Fundi mzee sasa hapandi tena ngazi. Hukaa kwenye daka na kuelekeza. Chokaa mpya tuliichoma mwezi uliopita, tukaitia shimoni na kuimwagia maji, na kwa hesabu yake haitafaa kuguswa kabla ya miezi sita. Ni ya ukuta wa nyuma wa nahodha, ambao tutaubandua Novemba.